Kunde Saba za Bi Mejumaa

Fumbo hili limemshinda anayelisimulia. Ameligeuza miaka mingi, na kila upande anaukuta una haki yake. Lipokeeni nyinyi.

Bi Mejumaa alikuwa na wakaza wana watatu, wake wa wanawe, kila mmoja na kipaji chake. Nyamvula alijua mimea ipi inapatana na ipi haipatani. Mwanatumu aliweza kuufanya mtungi mmoja wa maji utoshe pale wengine wanapomaliza mitatu. Siti alikuwa na macho: mdudu asiyezidi chembe ya ufuta hakumpita.

Ukoo huo ulikuwa na kibuyu cha mbegu za kunde nyekundu, kunde ambazo hazikubaki kwingine kokote. Kibuyu kilikaa kwa mwanamke mmoja, wakati huo Bi Mejumaa, na mkono mwingine haukukifungua. Mumewe Bi Mejumaa alipofariki, yeye akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Kwa huzuni hakukikumbuka kibuyu. Wakaza wana walikiona kikining'inia jikoni bila kutiwa jivu la kuzuia wadudu, lakini hakuna aliyethubutu kukigusa. Alipotoka eda akakifungua, ukamwagika unga. Fukusi walikuwa wamekula zote isipokuwa kunde saba.

"Mimi mgongo hauinami tena," akawaambia. "Pandeni nyinyi. Atakayeziokoa, kibuyu ni chake."

Bustani ilikuwa nyuma ya jiko, ukubwa wa mikeka miwili. Nyamvula akaipanga. Alitanguliza mtama ili kunde zipate pa kutambaa, akazungushia vitunguu pembeni, akapanda boga lifunike udongo. Kunde zote saba zikaota.

Mvua ikakata. Kisima kikabaki tope. Mwanatumu akafukia mtungi wa udongo katikati ya bustani, akawa anaujaza kila asubuhi kwa maji aliyoyachuja topeni, na maji yakapenya polepole hadi kwenye mizizi. Bustani za majirani zilikauka. Hii ikabaki kijani.

Siku ya hamsini Bi Mejumaa alisikia ukelele. Akatoka akijikongoja. Siti alikuwa amesimama na kisu, na boga limelala chini, limekatwa shinani, maua yake mabichi.

"Siti! Boga limekukosea nini?" Nyamvula alifoka.

"Linamnyonga mwenzake."

"Nimelipanda mimi, na litoke lini najua mimi!"

"Lini, bibie? Baada ya arobaini ya kunde?"

"Na maji yangu je?" Mwanatumu akadakia. "Jua likipiga udongo mtupu, huo mtungi utaujaza wewe kwa mate?"

Bi Mejumaa akashika ukuta, akachungulia. Chini ya majani mapana ya boga, kunde tatu zilikuwa zimeshakufa. Mashina ya nne zilizobaki yalikuwa meusi kwa vidukari, wadudu wanyonya utomvu. Siti akapiga magoti, akaanza kuwaponda kwa vidole, akanyunyiza jivu. Siku tisa alirudia hivyo. Mwanatumu, bado amenuna, aliyaokota majani ya boga lile lile akayatandaza juu ya udongo.

Kunde nne zikazaa. Mavuno yakajaa viganja viwili.

Wakaketi mbele ya mkwe wao, hakuna aliyemtazama mwenziwe.

"Bila mpango wangu, mama, zisingepata pa kushika," akasema Nyamvula.

"Zingekauka," akasema Mwanatumu.

"Zingeliwa," akasema Siti.

Bi Mejumaa alijua kuwa wote wanasema kweli. Alijua pia, na hili hakulitamka, kwamba desturi ya mkono mmoja ndiyo iliyowalisha fukusi.

"Leo kifungwe kwanza," akaamua. "Jina nitalitaja baadaye."

Nyamvula akachagua mbegu, Mwanatumu akachekecha jivu, Siti akaziba mdomo wa kibuyu kwa nta. Bi Mejumaa akakitundika mwenyewe juu ya kitanda chake.

Kingali hapo. Kina kamba moja tu, mvua zimekaribia, na kikohozi cha Bi Mejumaa kinazidi. Je, akikuita wewe useme badala yake, kamba hiyo utaitia mkononi mwa nani?