Ufunguo wa Chumba cha Fundi Kesho

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi, ya mihuri na mafaili, palikuwa na fundi saa katika mji mmoja wa kando ya reli. Jina alilopewa na wazazi wake ni Anzuruni Mlisho. Jina alilopewa na mji ni Kesho. Ukimpelekea saa Jumatatu, atakuambia, "Njoo kesho." Ukirudi Jumanne, "Njoo kesho." Mji ukacheka, ukamwita Fundi Kesho, naye akaitika. Hata karani wa ardhi, alipomwandikia karatasi ya nyumba, aliandika: Kesho Mlisho.

Fundi Kesho akafa. Akaacha mke, Bi Zamoyoni, na watoto watatu wazima: Hidaya, Mgeni na Bilali. Akaacha nyumba, na chumba cha mbele kinachotazama barabara, chenye meza yake ya ufundi na saa za watu, za ukutani na za mezani, thelathini na tisa, hazijatengenezwa.

Siku ya arobaini ukoo ukakaa. Hidaya akachaguliwa msimamizi wa mirathi. Bi Zamoyoni akasema mbele ya wote: "Vyumba vya ndani mtagawana kama sheria inavyosema. Chumba cha mbele kisigawanywe. Atakayeifikisha mirathi hii mwisho, ufunguo ni wake."

Wote wakaridhia, wakatia sahihi. Nani angekataa? Walidhani ni kazi ya miezi mitatu.

Hidaya akafunga kibanda chake cha vitumbua, akashika bahasha, akaenda mahakamani. "Cheti cha kifo kiko wapi?" Akarudi, akakitafuta, akaenda. "Muhtasari wa kikao hauna muhuri." Akarudi, akagongewa muhuri, akaenda. "Hakimu yuko likizo." Akarudi.

Jioni Bi Zamoyoni alimkanda miguu kwa maji ya chumvi. "Wamesemaje, mwanangu?"

"Wamesema nije kesho, mama."

"Basi baba yako hajafa. Amehamia mahakamani."

Wakacheka mpaka machozi.

Hatimaye tangazo likabandikwa ubaoni: mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku tisini. Bi Zamoyoni akazihesabu kwa punje za mahindi. Punje ya themanini na nane, nani akajitokeza? Mgeni, wa tumbo lake mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema Mgeni, "cheti cha kifo kinasema Anzuruni. Karatasi ya nyumba inasema Kesho."

Hakimu akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Kwani marehemu ni mmoja au wawili?"

Faili likasimama.

"Shetani gani kakupanda, we Mgeni?" Hidaya alifoka nyumbani. "Siku mbili tu zilibaki!"

"Dada, tungegawana nyumba ya mtu asiyekuwepo."

Hidaya hakumsemesha miezi mitano. Bi Zamoyoni akawa anakula na mmoja mchana, na mwingine jioni.

Kisha akatokea mtu wa mbali, kanzu imenyooka kwa pasi, kitambulisho mkononi. Huyo jina lake lilikuwa Kesho kweli. "Nyumba imeandikwa jina langu," akasema.

"Umemwita wewe, na pingamizi lako!" Hidaya akamwambia mdogo wake.

"Angekuja tumeshagawana, angetutoa wote," Mgeni akajibu.

Hakimu akataka mashahidi: nani ajuaye kwamba Anzuruni ndiye Kesho? Mji mzima ulijua, lakini mji mzima ulikuwa na shughuli zake. Ndipo Bilali, kitinda mimba, ambaye hajawahi kushika bisibisi, akamwomba mama ufunguo, akafungua chumba cha mbele. Akatengeneza saa moja, akaiharibu, akaitengeneza tena. Mwaka mzima. Kila saa iliyopona akaipeleka kwa mwenyewe. "Sitaki malipo," akasema. "Njoo tu useme unalolijua."

Siku ya kesi wakaja thelathini na tisa, kila mmoja na saa yake. Bibi mmoja akasimama: "Mheshimiwa, Anzuruni ndiye Kesho. Mimi aliniambia kesho miaka saba." Mara ikatimu saa sita, na saa zote zikagonga. Karani akaziba masikio. Mtu wa kanzu akatafuta mlango.

Mirathi ikafungwa. Miaka mitatu na siku kumi na moja tangu arobaini. Bi Zamoyoni akapika pilau, wakazunguka sinia moja.

"Mama, msimamizi ni mimi," Hidaya akasema. "Safari tisini na nne, kwa miguu hii. Kibanda changu kimekufa. Bila mimi faili lingeliwa na mchwa."

"Ulikuwa unatupeleka shimoni, dada," Mgeni akasema. "Mimi ndiye niliyekushika kanga. Mkanitukana, nikavumilia. Leo nyumba ni yetu kweli."

"Ulinishika kanga, ukamwita na mwizi!" Hidaya akadakia, lakini akamsogezea mnofu.

Bilali akalamba vidole. "Mmoja kaiendesha, mmoja kaisimamisha. Aliyeimaliza nani?"

"We, mwaka wa kwanza ulilala mpaka adhuhuri!" Hidaya akamkatiza.

"Na wa pili nililala lini?"

Bi Zamoyoni akawatazama, moyo wake umetulia. Watoto waliokuwa hawasemezani sasa walibishana midomo imejaa wali, na kwake hiyo ilikuwa sikukuu. Lakini neno alilolisema mbele ya ukoo lilikuwa neno, na ufunguo haukatwi vipande vitatu. Akafungua pindo la kanga, akautoa. Viganja vitatu vikanyooka juu ya sinia.

Mkono wake ukaelekea kwa mmoja. Ni yupi, sisemi. Semeni ninyi mliokaa hapa. Aliyetembea, aliyezuia, au aliyeleta mashahidi: je, nani alistahili ufunguo?