Mpira wa Maji Chini ya Kiti

Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hawakuwa wakiwasema wagonjwa wa vitandani peke yao. Aibu nayo ni maradhi, na anayeificha huilea mwenyewe mpaka imshinde. Muulize fundi bomba mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Koki.

Koki alikuwa na sifa aliyoitunza kama mboni ya jicho: hakuna bomba alilolifunga likavuja tena. Alikuwa pia na gari la spoti jekundu, la milango miwili, alilorithi kwa marehemu kaka yake. Lilikuwa kuukuu, lakini likipita watu waligeuza shingo. Siku mpira wa kupitisha petroli ulipopasuka kwa nyuma, Koki hakumwita mtu. Alinyanyua kile kiti chembamba cha nyuma anachokalia binti yake akipelekwa shule, akakata kipande cha mpira wa maji kutoka kwenye mfuko wake wa kazi, akakifunga kwa tepu nyeupe ya mabomba, kisha akarudisha zulia na kiti. "Bomba ni bomba," alijisemea huku akipangusa mikono.

Lakini petroli si maji. Haukupita muda harufu ikaanza, kwanza kwa mbali, kama vile mtu amepita na dumu, kisha ikaweka makao ndani ya gari.

"Mume wangu, hili gari linanuka," mkewe alisema.

"Magari ya zamani ndivyo yalivyo. Hata mimi nikizeeka nitanuka tu."

Mkewe alicheka sana. Koki hakucheka, maana alijua harufu ile inatoka wapi, na hofu ilikwisha kumwingia mpaka kwenye mifupa. Alitundika manukato kwenye kioo. Aliacha sigara ghafla, na mkewe akawatangazia majirani kwamba dua zake zimejibiwa. Hakujua kuwa mumewe alikuwa akiogopa hata kiberiti cha jikoni, kwa kuwa gari liliegeshwa ubavuni mwa dirisha la jiko. Kila alipogeuza ufunguo, aliacha mlango wazi na mguu mmoja nje. Kwa nini basi asiseme? Kwa sababu angeulizwa ni nani aliyefunga ule mpira.

Binti yake naye akaanza kulalamika kuumwa kichwa kila afikapo shule. Koki alimwambia amechoshwa na hesabu tu.

Mkewe ndiye aliyemwita fundi wa magari, mwanamke machachari aliyejulikana kwa jina la Spana. Spana aliipangusa injini yote ikakauka, akatandaza maboksi chini, akawasha gari na kungoja aone tone litaangukia wapi. Alinusa kabureta, akanusa pampu, akanusa kifuniko cha tangi. Kisha akamgeukia mwenye gari.

"Kaka, harufu inazidi lini? Ukijaza tangi? Ukiliacha juani? Inatokea mbele au nyuma?"

Ilizidi tangi likijaa, ilizidi juani, na ilitoka nyuma. Koki aliyajua majibu yote.

"Mbele," alisema.

"Na hii mipira, kuna mtu aliyewahi kuigusa?"

"Hakuna. Tangu enzi za marehemu."

Spana alimtazama kidogo. "Gari halina mdomo, kaka. Mdomo wake ni wewe."

Alibadilisha mpira wa mbele ambao kweli ulikuwa umechakaa, akaonya gari lisitumiwe mpaka arudi kukagua na nyuma. Mkewe Koki hakuwepo wakati huo. Alipouliza jioni, Koki alimjibu neno moja tu: "Limepona."

Kesho yake Koki alikuwa amejikunja chini ya sinki la mteja simu ilipolia.

"Mtoto ametapika shuleni," mkewe alisema. "Nampeleka zahanati, ila foleni ya magari haisogei. Nimejaza na tangi, usije ukalalamika. Amelala hapo nyuma, nimemfungia na vioo maana anasikia baridi."

Koki alichomoka chini ya sinki. Akilini alimwona mwanawe amelalia ule mpira, jua kali juu ya bati jekundu, na kandokando madereva wenye sigara midomoni.

"Zima gari! Mtoe mtoto!"

"Si ulisema limepona?"

Alitamani kutafuta uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza akauogopa uongo kuliko aibu.

"Nilikudanganya. Nilifunga mpira wa maji chini ya kiti alicholalia. Tokeni, mke wangu, tokeni!"

Simu ikakatika.

Koki alikimbia njia ya kwenda zahanati, koleo lake mkononi, macho juu ya mapaa akitafuta moshi. Kila honi aliyoisikia aliidhani ni kilio. Alipolikuta gari, lilikuwa katikati ya barabara, milango wazi. Mkewe alikuwa ameketi ng'ambo, kiatu kimoja hana, amempakata mtoto huku akimfokea dereva mmoja: "Izime hiyo sigara, nimesema!"

Spana naye alifika, kwa kuwa mkewe Koki alimpigia. Aliwaomba watu walisukume gari pembeni bila kugusa ufunguo, akanyanyua kiti. Zulia lilikuwa chapachapa. Mpira ulikuwa umevimba na kulegea, na tepu nyeupe imefumuka. Mkewe Koki aliitazama ile tepu, aina ileile anayoitoa mifukoni mwa suruali za mumewe kila siku ya kufua.

"Hii ndiyo mbele, kaka?" Spana aliuliza.

Koki alimbeba mtoto mgongoni, wakaenda zahanati kwa miguu. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imejaa wateja wake.

"Anaumwa nini?" muuguzi aliuliza.

Mkewe alimgeukia Koki.

"Amevuta petroli," Koki alisema, na sauti ikasikika mpaka mlangoni. "Kila asubuhi, ndani ya gari langu. Mpira unaovuja niliufunga mimi, na nilijua."

Binti yake aliinua kichwa begani mwake. "Kwa hiyo, Baba, si hesabu?"

Koki alilia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka. Muuguzi alimpima mtoto, akasema hewa safi na mapumziko vitamrudisha, lakini kama zingepita siku chache zaidi asingethubutu kuahidi hivyo. Kifo kilikuwa kimefika mpaka chini ya kiti, kikamuumbua Koki hadharani, kisha kikaenda zake mikono mitupu. Si wote wanaosamehewa hivyo, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.