Msiri wa Koplo Lugendo

Hii nimetumiwa leo asubuhi, na mimi nakupitishia wewe. Tulia uisome yote, usije ukaruka katikati halafu ukaniuliza imeishaje.

Koplo Lugendo alihamishiwa mji ambao hakuwa na ndugu wala rafiki. Akipita sokoni watu wananyamaza. Akikaa mgahawani, meza ya jirani inahama. Jamani, upweke wa askari mgeni usikie kwa mwenzio! Alikula peke yake, akarudi chumbani, akabaki kubishana na redio.

Kisha akapata msiri. Mama mmoja asiyetaja jina alianza kupiga simu kituoni kila jioni.

"Nyumba ya mjane Bi Staumai, nyuma ya mashine ya kusaga, ina magunia ya bangi," alisema. "Yamefungiwa chumba cha uani kwa kufuli la shaba. Njooni mpekue."

Akimaliza habari za bangi, alimuuliza Lugendo hali ya wazazi wake na kama baridi ya mji ameizoea. Koplo wa watu akawa anakaa karibu na simu akiisubiri ilie.

Siku mjane alipokwenda zahanati, Lugendo alichungulia dirishani. Pazia la kijani, kama alivyoambiwa. Kabati lenye kioo kilichopasuka, lipo. Kufuli la shaba, lile pale. Akarudi mbio, akaandika hati ya kiapo kuomba kibali cha upekuzi: "Nimepata habari kwa msiri wa kuaminika."

Hakimu Mwantumu, mama asiyecheka ovyo, aliisoma akavua miwani.

"Huyu msiri umewahi kumwona?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ila ni mkweli. Kila alichosema nimekikuta. Pazia, kabati, kufuli..."

"Pazia si kosa, Koplo. Bangi umeiona?"

"Sijaiona."

"Na yeye, aliiona kwa macho yake au kasimuliwa?"

Hilo Lugendo hakulijua. Hakuwahi kumuuliza. Alifurahi mno kuulizwa hali hata akasahau kuuliza yeye.

"Majirani je? Wanasema nani anaingia mle?"

"Haingii mtu, Mheshimiwa. Tangu matanga ya mumewe yaishe, hakuna aliyekanyaga."

"Sasa kama haingii mtu, msiri wako kalijuaje kabati?"



Hakimu akamrudishia hati bila sahihi. "Unataka uvunje mlango wa mjane mbele ya mtaa mzima kwa neno la mtu usiyemjua. Akishapekuliwa, hata asipokutwa na kitu, nani atamsalimia tena? Nenda ukapige hodi kama watu."

Alikwenda na aibu yake, bila wenzake, bila karatasi. Akapiga hodi.

"Karibu, baba," sauti ikaitika kutoka ndani.

Lugendo aliitambua papo hapo. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye simu.

Bi Staumai alikuwa amejifunga khanga mpya na chai ilikuwa tayari mezani. Alilifungua mwenyewe kufuli la chumba cha uani. Hapakuwa na gunia hata moja. Kulikuwa na kitanda cha marehemu mumewe, kimetandikwa vizuri, na viatu vyake chini.

"Mama, kwa nini ujisingizie mwenyewe?"

"Wanangu nikiwapigia wana kazi. Majirani nao ndio hivyo unavyowaona." Machozi yakaanza kumtoka. "Nikajaribu polisi, ukapokea."

"Lakini mama, ningepewa kibali ningeuvunja huu mlango! Ningekuja na kikosi kizima, nikupekue mpaka chini ya godoro!"

Bi Staumai akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Najua, baba. Lakini mngeingia."

Funzo: Mtu anaweza kukuambia kweli ya pazia na kabati, na bado akakudanganya kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo kabla hujamvunjia mwenzio mlango, muulize aliyekuletea habari ameijuaje. Na wewe unayesoma hapa, jirani yako anayeishi peke yake kampigie hodi leo, asije akalazimika kuwaita polisi ili apate mgeni.