Kikapu cha Mkunde na Ukuta Uliolainishwa

Sogeeni karibu. Atakayesinzia ndiye nitakayemwuliza wa kwanza, na swali la leo si la kubahatisha.

Nje kidogo ya mji wa Same palikuwa na kituo cha watoto wasioona, watoto thelathini na wawili. Mkuu wake, Mwalimu Kisaka, alikuwa na mikono ya subira. Kwa miaka sita alipachika mawe ukutani ili watoto wapapase na kujua njia. Jiwe moja, bweni. Mawili, jikoni. Kipande cha kigae, simama hapo hapo, mbele kuna shimo la choo ambacho hakijajengwa.

Bwana Lyamuya, mwenye kampuni ya saruji, alikuwa na mali, na hakuwa bahili. Shani, mfanyakazi wake, alikuwa na moyo. Akiitwa kujitolea, hufika kabla ya aliyemwita.

Jumamosi moja Bwana Lyamuya alileta saruji, rangi, na lori la mchele na maharage ya muhula mzima. "Naomba kitu kimoja tu," alisema. "Ukuta huu ulainishwe, jina la kampuni lisomeke tokea barabarani." Lisomwe na nani, kwenye kituo cha wasioona? Msinicheke mimi, mchekeni yeye.

Shani alikuja na wenzake arobaini, wote na fulana za njano. Wengine walipiga picha zaidi ya lipu. Yeye alishika mwiko mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipofika kwenye mawe, alisita.

"Mwalimu, haya mawe yana kazi? Tuyatoe?"

Mwalimu Kisaka alilitazama lori. Mzigo ulikuwa bado haujashushwa. "Yatoeni tu," akasema, akijiambia kwamba kesho atafunga kamba ya kuwaongoza watoto.

Karibu naye, kwenye ngazi, alikaa Mkunde, binti wa miaka kumi na mmoja, akisuka kikapu. Alisikia. Hakujua ni mawe gani yanayotolewa.

Jumapili asubuhi, kamba ikiwa bado haijafungwa, wageni walianza kukusanyika kwa uzinduzi wa ukuta. Mkunde alitoka kwenda kunawa uso. Alipapasa ukuta, akaukuta laini, unanuka rangi. Akaendelea kukitafuta kigae chake, hatua kwa hatua, mpaka ukuta ukaisha, naye akatumbukia shimoni.

Mwalimu Kisaka alijitosa humo akambeba mgongoni. Bwana Lyamuya alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, akipiga honi njia nzima. Shani alitoa damu, akaomba atolewe nyingine, wakamkatalia. Daktari aliwaambia wote watatu, "Angekosekana mmoja wenu, mngezika." Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kituo kile kina desturi. Kila mwaka mtoto mmoja husuka kikapu, na siku ya kufunga shule humkabidhi mtu mmoja aliyewasaidia kuliko wengine. Ni kimoja tu, na lazima kitolewe. Mwaka ule msukaji alikuwa Mkunde.

Siku hiyo ilipofika, Bwana Lyamuya alikuja na lori jingine, limefungwa turubai. "Watoto wenye shukrani hawalali njaa," alisema huku akicheka, na hakuna aliyecheka naye.

Shani alikuwa ameacha kazi, amehamia kituoni, ndiye aliyekuwa akimfundisha Mkunde kutembea kwa gongo. Alimnong'oneza, "Mdogo wangu, kikapu sikitaki. Nataka kujua tu kama umenisamehe."

Mwalimu Kisaka alikuwa amesimama kando. Miezi mitano alikuwa hajamwambia mtu yeyote ni nani aliyeruhusu mawe yatolewe, na kila mgeni alipomlaumu Shani, yeye aliinama.

Mkunde alisimama na gongo lake, kikapu kikining'inia kwenye kiwiko. "Nisogezeeni mikono yenu," aliwaambia wale watatu.

Aliupapasa wa kwanza, wenye pete. "Huu ulinipeleka hospitali." Akaupapasa wa pili, wenye makovu ya malengelenge. "Huu uliuliza kwanza." Wa tatu aliukawiza mkononi mwake. "Huu ulinipachikia mawe, ukanitoa shimoni. Lakini mwalimu, nilikuwa pale kwenye ngazi. Nilikusikia."

Mwalimu Kisaka akaanza kulia mbele ya watoto wake, na Shani akarudi hatua moja nyuma, maana ndiyo kwanza inatajwa hadharani lawama aliyoibeba ilikuwa ya nani. Bwana Lyamuya akatazama saa yake. Dereva wake alikuwa ndani ya lori, injini inanguruma, akisubiri kuambiwa ashushe mzigo au ageuze.

Mimi hadithi hii hunitia hasira kila ninapoisimulia. Msiniambie Mkunde akitupe kikapu. Nyuma yake wamesimama watoto thelathini na mmoja ambao hawajala tangu asubuhi, na wamesikia injini. Msiniambie pia akigawe, kikapu kikikatwa si kikapu tena.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia. Binti ana mguu mmoja, kikapu kimoja, na mikono mitatu mbele yake. Angekuwa mwanao, ungemwambia ampe nani?