Mzigo Uliokataa Kutuliwa

Sogeeni, nanyi mlio karibu na sufuria, mikono magotini!

Zamani, mti ukianguka njiani, kuni zilikuwa za aliyeukata akaifungua njia. Mjane Mwasiti akakata mkuyu ulioanguka, akafunga mzigo, akaenda kunywa maji. Jirani yake Somoe akaubeba.

"Nimeokota, shoga! Porini kuna mwenyewe?"

Siku ya pili Mwasiti akafunga mzigo mwingine, Somoe akaubeba tena. Mwasiti akalilia shina lililobaki: "Nilipizie!"

Shina likaguna: "Mwache abebe."

Siku ya tatu Somoe akabeba mwingine, akafika kwake, mzigo haushuki kichwani! Mumewe akavuta, wapi! Wakwe wakavuta, wapi! Kijiji kizima kikavuta. Shingo ikarefuka, mzigo wapi!

Somoe akamkimbilia Mwasiti huku analia. "Shoga, nitue! Kuni zako hizi!"

"Zangu? Si uliokota?"

Mwasiti akachomoa ukuni mmoja kichwani mwa Somoe, akautia motoni. Pale ulipotoka, ukaota mwingine.

Mjane akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Karibu ndani, shoga. Simama hapo kando ya mafiga, usitikisike. Leo napika makande."

Na makande, jamani, mnajua yanavyochelewa kuiva.