Kwa Nini Mashua za Mto Mbwele Hulaza Milingoti

Kabla Mto Mbwele haujawa na daraja hata moja, milingoti ya mashua zake haikutoka mahali pake. Fundi aliusimika mlingoti katika mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akaukaza kwa kabari za mkoko, ukakaa hapo mpaka chombo kioze. Nani angefikiria kuulaza? Juu yake palikuwa na mbingu tupu.

Kisha mamba wakazidi kwenye kivuko cha Hurara. Mwaka mmoja walichukua wanawake watatu waliokuwa wakienda mashambani ng'ambo. Watu wa Hurara wakasema yatosha, wakakata magogo, wakajenga daraja. Lilikuwa imara, ila lilikuwa chini mno, na mashua haikuweza kupita na mlingoti wake. Mpunga wa juu ukakwama juu, chumvi ya chini ikakwama chini. Wenye mashua walitaka magogo yale yang'olewe, na aliyewashinda wote kwa maneno alikuwa Komora, fundi wa kuunda vyombo.

"Mto ulikuwa njia yetu kabla wao hawajazaliwa," alikuwa akisema. "Mtu hajengi ukuta katika njia ya mwenzake."

Komora alikuwa na binti, Habashora, aliyeolewa Kitere, mbele ya daraja kwa anayepanda mto. Masika ya mwaka ule mto ulifurika, zikaja habari kwamba Kitere imezingirwa na maji, watu wamebanana juu ya kilima kimoja kidogo, na Habashora ni mja mzito wa miezi minane. Komora hakungoja kusikia zaidi. Alitwaa shoka, akatweka tanga, na mkewe Hadhayo akashika usukani. Kwa mkondo ule makasia yasingefua dafu. Upepo wa kutoka pwani ndio uliowapandisha.

Walipofika Hurara, chini ya daraja palibaki nafasi ya mtu kupita ameinama. Juu yake watu walikuwa wakihama upande uliofunikwa na maji, wengine wamebeba kuku na mikeka, wengine wamebeba wazee wao migongoni. Komora akafunga chombo kwenye nguzo, akainua shoka juu ya gogo la kwanza. Bibi mmoja mwenye mjukuu kiunoni akasimama papo hapo.

"Mwanangu, ukikata hapa, sisi tupite wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Komora akalishusha shoka.

"Baba Habashora," Hadhayo akamwita kutoka nyuma, "hapa kuna mti mmoja tu ambao hakuna mtu anayepita juu yake. Kata huo wetu."

Mlingoti ule Komora aliuchagua mwenyewe msituni, akauchonga miezi miwili. Akaukata usawa wa kiuno. Wakaulaza, wakainama, wakajivuta kwa kushika magogo mpaka wakatokea upande wa pili. Mara mkondo ukaanza kuwarudisha. Hadhayo akadaka tawi la mkuyu akaling'ang'ania, na Komora akausimamisha mlingoti ubavuni mwa kisiki chake, akaufunga kwa kamba mbili, moja juu na moja chini. Tanga likajaa. Mlingoti ulilia, ukayumba, lakini haukuanguka.

Waliingia Kitere alasiri. Habashora alipoliona tanga la baba yake, aliketi kwenye tope akalia. Wakampakia yeye na mumewe, na majirani wote walioenea chomboni.

Wakati wa kurudi, daraja lilikuja mbio mbele yao. Hapakuwa na nafasi ya kufungua kamba zote mbili. Komora akafungua ile ya chini, na mlingoti ukazunguka kwenye kamba ya juu, ukalala taratibu kama ng'ombe aliyefika zizini. Wakapita. Komora akaketi juu ya mizigo akacheka huku machozi yakimtoka, na mkewe akamwacha acheke. Siku kumi na tatu baadaye Habashora alijifungua mtoto wa kike kwenye mkeka mkavu.

Na tangu siku hiyo, fundi wa Mbwele husimika kisiki kwanza, kisha huufunga mlingoti ubavuni mwake kwa kamba mbili, na hakuna tena aliyeinua shoka juu ya daraja la Hurara. Mashua ikikaribia, mlingoti hulala, ikishapita, husimama. Na walio juu ya daraja huendelea na safari yao.