Raihani na Jumba Lisilobishwa Hodi

Hapo kale, chumvi ikipimwa kwa kikombe na ukweli kwa kijiko, mji wa Kisimarani ulitawaliwa na Sultani Mundhir bin Azzan, mwenye farasi weupe na ndevu za hina, na katika dola yake kulikuwa na diwani kwa kila jambo, diwani wa visima na diwani wa ndoa za pili na Diwani wa Vilivyopotea. Huyu wa mwisho aliitwa Farjalla bin Sudi, na mbuzi na pete na wanadamu wakipotea, wote habari zao zilipelekwa kwake, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mbuzi walirudi wenyewe.

Katika mji huo akatoweka msichana, Raihani binti Khelef, mzuri wa sura na mzuri zaidi wa kauli, aliyetoka kwao alasiri moja na sahani ya halua kumpelekea shangazi yake, akaonekana akipita karibu na gofu la jumba la kale, na baada ya hapo hakuonekana tena. Mchumba wake Nasoro, mchonga milango, akamtafuta mji mzima, kisha akakimbilia kwa Diwani kutoa habari.

"Umejuaje kwamba amepotea?" akauliza Farjalla.

"Nimemtafuta, bwana wangu, nisimwone."

"Sisi hatujamtafuta bado, na wewe tayari unajua kwamba hayupo. Nani ajuaye kitu kimepotea ila yule aliyekipoteza? Mfungeni."

Akafungwa. Askari wakaenda kulipekua gofu, wakaupiga mlango teke ukaanguka, wakakuta popo. Na kila mwaka sikukuu ilipokaribia walirudi, wakausimamisha mlango ule kwa muda ili waupige teke upya, kwa kuheshimu utaratibu, na wakakuta popo wale wale na watoto wao.

Miaka ikaenda, hata mdogo wake Raihani, Zamzam, aliyekuwa akitambaa siku ile, akawa mwanamwali anayeshona vikuba, vishada vya asumini vya kuuza, pamoja na mama yake, Bi Nunu. Ndipo ikapigwa mbiu kwamba Sultani anataka kesi kongwe zote ziishe, na Diwani Farjalla akaimaliza hii kwa namna aliyoiona imenyooka kama uzi: ikiwa Raihani haonekani basi amekufa, na ikiwa amekufa basi ameuawa, na ikiwa ameuawa basi muuaji ni yule aliyeko gerezani, maana mwingine hayupo. Nasoro atakatwa kichwa Ijumaa, watu watokapo msikitini.

Zamzam akalia barazani. "Lia, mwanangu," akasema Bi Nunu, naye machozi yakimtiririka, "lakini geuza uso, usiloweshe asumini za watu."

Hapo akatua chiriku kwenye ukingo wa mtungi, akasema kwa ulimi fasaha: "Nipeni maji, nami niwape habari, ila msinifukuze kwa fagio. Fagio nimeshazizoea za mji mzima."

"Subhana Llahi!" akasema Zamzam. "Ndege anasema!"

"Nasema siku nyingi. Kinachochelewa ni kusikilizwa. Dada yako yu hai, na mwaka ule ule nilikwenda kwa Diwani kutoa ushahidi, akaniambia shahidi sharti awe na mdhamini. Mkubwa ninayejuana naye ni mwewe, binti yangu, na mwewe akinidhamini atanila."

Bi Nunu akamwekea maji, na chiriku akanywa, akaendelea: "Raihani yumo mle mle gofuni. Amechukuliwa na Jini Barkashi, jini mwenye kujisifu kwa adabu, na jumba lile si gofu ila kwa tilasimu: aingiaye bila ruhusa huona magofu, na abishaye hodi akakaribishwa na aliyemo huliona kama lilivyo. Mimi hubisha hodi dirishani, dada yako hunikaribisha, nikala mtama wangu nikaenda zangu."

"Na watu hawakubisha hata siku moja?"

"Wapita njia wanaogopa, nani akabishe hodi kwenye popo? Na askari, umewahi kumsikia askari akibisha hodi?"

Zamzam akakata shauri abishe mbele ya Sultani mwenyewe, asije Diwani akamtaka naye mdhamini. Ijumaa ilipofika, Nasoro akatolewa uwanjani na minyororo miguuni, na Zamzam akapenya katikati ya watu akaanguka mbele ya Sultani, akasema: "Maulana, Mungu akuzidishie umri na hekima. Niazime shingo ya mtu huyu kwa muda mchache tu, tufike gofuni na kurudi. Nikiwa mwongo, upanga wako haujaenda mbali."

Sultani akacheka, maana alikuwa hajapata kuombwa mkopo wa aina hiyo, akapanda farasi, na uwanja mzima ukamfuata. Walipofika gofuni, Farjalla akakunja kanzu na kuinua mguu.

"La, bwana Diwani!" akasema Zamzam. "Na mlango wenyewe uko chini, utapiga teke nini?"

"Basi usimamisheni."

Nasoro, na minyororo yake, akainama akauinua mlango ule uliokwisha kuvunjika kwa mateke ya serikali, akaurudisha mahali pake kwa mikono ya mtu aliyezaliwa na kazi hiyo, na mlango ukatulia. Zamzam akavua viatu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya, na Farjalla akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshinda.

"Hodi jamani, mliomo!"

"Nani?" ikajibu sauti kutoka ndani, na Bi Nunu akashika moyo wake.

"Mimi Zamzam, mdogo wako."

"Usinifanyie mzaha! Zamzam wetu hajaota hata meno."

"Yameota, dada. Hata la hekima limeanza kuniuma."

Ile sauti ikasema, ikikatikakatika: "Karibu. Karibu, mdogo wangu. Karibu ndani."

Mlango ukafunguka, na Zamzam akaona ukumbi wa marumaru na mazulia na taa za fedha, na Raihani amesimama katikati na sahani ya halua mkononi, kijana vile vile, kwa sababu mle ndani alasiri ile moja haikupata kwisha. Bi Nunu akabisha akakaribishwa, akamkumbatia bintiye na sahani yake. Nasoro akabisha akakaribishwa. Ikafika zamu ya Sultani.

"Nami nibishe?" akauliza Sultani. "Husemwaje?"

"Husemwa hodi, Maulana. Halafu husubiriwa."

"Husubiriwa," akarudia Sultani, na neno hilo likamwia geni kuliko majini. Lakini akabisha, akasubiri, akakaribishwa.

"Serikali haibishi hodi," akasema Farjalla, akaingia. Nao wakamwona amesimama katikati ya ukumbi wa dhahabu, akipunga mkono kufukuza popo wasioonekana na mtu, akisema kwa kuridhika: "Mnaona? Magofu. Nilisema tangu mwanzo."

Ndipo ukafuka moshi wa ubani, na moshi ukawa jini, kilemba chake kikigusa dari, akasema kwa sauti ya kutikisa taa: "Mmeingia kwa adabu, na mgeni wa adabu simdhuru. Lakini msichana habanduki hapa. Mimi sikuvunja mlango wa mtu."

Watu wakarudi nyuma, ila Raihani, naye akasema: "Kweli, Barkashi, hukuvunja mlango. Mimi nilikuwa njiani na safari yangu, ukanitwaa. Je, ulibisha hodi?"

Jini akakishika kilemba chake.

"Uliniuliza nikasema karibu? Umejisifu kwangu alasiri nzima kwamba wewe si kama askari wa Diwani. Basi niambie tofauti yenu."

Na majini hushindwa na vitu vichache, na kikubwa chao ni aibu. Barkashi akainama mpaka kilemba kikalala juu ya zulia, akasema, "Sikubisha," na aliposema hivyo tilasimu ikakatika, na jumba likadhihirika kwa mji mzima, na Farjalla akajikuta ameinua mkono akipiga hewa mbele ya halaiki.

Raihani akamtazama mchumba wake. "Nasoro, mbona ndevu zina mvi? Jana hazikuwa nazo."

"Diwani alinikawiza," akasema Nasoro, na minyororo ikafunguliwa pale pale.

Jini akatoa jumba lile na hazina yake yote kuwa fidia, akaahidi utumishi mpaka kiyama. Raihani akampokea kwa sharti kwamba asikilizapo jambo asikilize lote, na Sultani akaogopa asije naye akawekewa sharti hilo. Ikafungwa nikahi ya Raihani na Nasoro, na ngoma zikalia wiki nzima, na Zamzam na Raihani, waliokuwa sasa rika moja, wakavaa nguo za kufanana, na mama yao akawachanganya majina kwa furaha. Zamzam akafanywa Diwani wa Vilivyopotea, na chiriku akawa katibu wake bila mdhamini. Farjalla naye akapandishwa cheo kuwa msimamizi wa magofu ya dola nzima, maana katika dola ile hakuna aliyewahi kushushwa.

Nao wakaishi kwa heri hata alipowajia yule ambaye habishi hodi kwa yeyote, sultani wala jini. Na mwenye akili ashike hili: mtu hupotea mara mbili, mara ya kwanza anapochukuliwa, na mara ya pili anapotafutwa na asiyetaka kuuliza. Aliyepotea ana sauti, na kazi ya atafutaye ni kusimama mlangoni mpaka aisikie.